Kurudi nyuma si aibu, mwanangu

Kilwa Masoko

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka, mdogo wako amerudi shule. Barua hii naiandika kwa mkono, naye ataipiga picha akutumie, maana ninayotaka kusema siwezi kuyasema kwenye simu mama yako akiwa amesimama pembeni.

Ile picha nimeiona. Ile ya Jumapili, miguu inaning'inia juu ya maji, na chini kule meli imekuwa kama punje ya mchele. Ukaandika kwamba ni rafiki yako. Mwanangu, viatu vile nilivinunua mimi Kariakoo. Kamba ya kushoto niliibadilisha kwa mkono wangu, nikatia nyeusi kwa sababu za kahawia zilikuwa zimekwisha dukani. Mama yako sijamwambia, na sitamwambia.

Mdogo wako akaniangalizia kwenye mtandao. Mwamba ule wa huko Norwe unaitwa Preikestolen, na kutoka ukingoni hadi majini ni mita 604. Mnazi mrefu kabisa wa hapa kwetu haufiki mita 30. Basi pandanisha minazi 20, mmoja juu ya mwenzake, halafu ukae kileleni uchezeshe miguu. Mkwezi akidondoka kwenye mmoja tu unajua tunavyombeba. Sikukataa uende. Nimekataa ukingo.

Naomba jambo moja, na nitalirudia hadi ulichoke: moyo ukikwambia rudi, rudi.

Hiyo safari yako ya likizo nimeisikia na nimefurahi, usidhani baba yako ana kinyongo. Urnes, Nærøyfjord, Geiranger, Vega, kisha Alta kule juu kabisa. Niliitaja gatini mbele ya manahodha wenzangu hadi wakanichoka. Miaka 26 navusha wageni kwenda Kisiwani kuona magofu ya wazee wetu, leo mwanangu ndiye mgeni anayevushwa kwenda kuona ya wenzetu. Jambo hilo limenikaa kifuani vizuri sana.

Ila uende kama mgeni mwenye adabu. Nimewaona wa kila aina. Kuna wanaoshuka mashuani, wanapiga picha tatu, wanauliza chakula saa ngapi. Na kuna yule mmoja kati ya ishirini anayeweka kiganja karibu na ukuta bila kuugusa, akauliza chokaa hii ilichomwa wapi. Uwe huyo. Pale Urnes ni kanisa, najua, nawe ingia kwa heshima ileile ninayowataka wageni waingie nayo Msikiti Mkuu wa Kisiwani, ingawa hauadhiniwi tena. Tazama ule mlango wa kaskazini, wale wanyama wembamba waliosukwa kama ukili. Mbao zile zimesimama tangu miaka ya 1130. Mbao, mwanangu! Nilikuuliza zimewezaje ukaniambia nguzo hazikuchimbiwa ardhini, zimekaa juu ya boriti zilizoinuliwa kwa mawe, unyevu wa udongo hauzifikii. Nimemweleza fundi anayetutengenezea kibanda cha kuku, akatikisa kichwa. Kibanda chenyewe amekichimbia vilevile.

Nærøyfjord, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, mtapita kwa boti. Umesema mahali pembamba kabisa ni mita 250, milima imesimama pande zote mbili. Kaa ndani ya boti, vaa koti la kuokolea hata kama wenzako hawavai. Maji yale si kama yetu, mtu hapewi muda wa kupiga mbizi akafikiri. Na Geiranger nimesoma habari nyingine, kwamba jirani yake, Tafjord, mlima ulimeguka mwaka 1934, wimbi likaua watu 40, na kwamba kuna ufa mwingine, Åkerneset, wanaoupima usiku na mchana. Hilo sikukatazi. Mlima ukiamua kuanguka umeanguka, na wenye nchi wana ving'ora vyao. Ninaloliongelea mimi ni miguu yako mwenyewe.

Maana nakujua. Una ubishi, na ubishi huo hukuutoa kwa mama yako.

Ulinitumia zile kanuni tisa za milimani za Wanorwe ili unitulize. Zimenitia hofu zaidi, ila nimezisoma zote. Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walikufa milimani, ndipo wakazishikia bango hadi kila mtoto akazijua. Ya kwanza, panga safari yako na uwaambie watu unakopita. Ya nane ndiyo iliyonikalisha chini: geuka mapema, kurudi nyuma si aibu. Nilimwambia mdogo wako aisome tena. Akaisoma. Nikanyamaza hadi akauliza kama naumwa.

Siku tuliyotoka kwenda kisiwa cha Songo Mnara unaikumbuka kuliko mimi, sina haja ya kuieleza. Kusi lilikuwa limeshaanza kuchachamaa kabla hatujatoka, mzee mmoja gatini alilisema, nami nilikuwa nimeshapokea nauli ya watu sita. Ndivyo ilivyokuwa. Ulikuwa na miaka tisa. Lile kopo la rangi ulilokumbia maji bado lipo, nalitumia kuwekea misumari. Mama yako alipokukataza kupanda mashua tangu siku ile, mimi nilisema anakudekeza. Niliyasema mbele yako. Hayakuwa maneno ya kusema.

Kwa hiyo usiniambie kwamba mmeshalipa, au wenzako watakucheka, au umebaki nusu saa tu ufike. Nusu saa hiyo naijua. Ukungu ukishuka, geuka. Ukiacha kuziona zile T nyekundu walizopaka kwenye mawe kuonyesha njia, geuka. Kwenye barafu wakifunga kamba, usiivuke, watu wamekufa kwa kuivuka kamba ile wapige picha karibu. Na usiende peke yako. Ukisema utakwenda na wenzako, nitajie majina. Mtu wa Bergen, hapo unapoishi, asipokuona jioni, awe anajua mlima gani akautafute. Namba ya polisi ni 112, ya gari la wagonjwa 113, nimeziandika ukutani hapa kana kwamba nitazipiga mimi.

Habari ya Vega mama yako ameipenda kupita zote. Kila jirani anayeingia kuomba chumvi anasimuliwa. Kwamba kule visiwani wanawake huwajengea bata wa porini vijumba vya mawe na mbao, wakavitandika majani makavu ya baharini, na majira ya kuchipua bata wanatoka baharini wenyewe kuja kutaga. Kwamba wakati wa kuatamia kisiwa kizima watu wanatembea taratibu na kusema kwa sauti ya chini. Bata wakishaondoka na vifaranga, ndipo wanawake wanakusanya yale manyoya laini yaliyobaki kiotani, wanayasafisha siku nyingi, wanashona mashuka mazito ya baridi. Na kwamba dunia ilipoviingiza visiwa vile kwenye urithi wake mwaka 2004 ilitaja kazi ya wanawake hao wazi. Mama yako alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi walionekana." Mpigie picha vijumba vile, si bahari. Bahari anayo. Tangu siku hiyo anatuzuia kupiga kelele karibu na yule kuku mwekundu anayeatamia, na mdogo wako anaona ameonewa.

Sasa Alta. Hapa nina wivu, nitasema kweli. Michoro ya kale zaidi kwenye miamba ile ina takriban miaka 7,000, na ndani yake kuna mashua. Ulinitumia moja, omo yake ina kichwa cha mnyama, na nyingine ina mtu ameshusha mshipi kumvua samaki mkubwa. Mtu yule ameshika mshipi vizuri. Nilimtazama muda mrefu. Kwetu nasi mabaharia walikwaruza majahazi kwenye lipu ya chokaa, Kisiwani na Songo Mnara, tanga na foromali unaziona, nami ndipo ninapowasimamisha wageni muda mrefu zaidi. Uliponiambia kwamba kule Alta nchi inainuka polepole, hata michoro ya zamani zaidi iko juu na maji yameiacha mbali, nilishindwa kulala. Kwetu bahari inapanda na kula ufukwe. Tumepanda mikoko, tumejenga kingo, mwaka 2014 UNESCO wakatutoa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tuliyokaa tangu 2004, lakini kusi likivuma bado naenda asubuhi kutazama ukuta wa Gereza, ile ngome yetu ya kale. Waulize wanaitunzaje michoro yao. Andika wanachosema, uniletee. Hapo usiwe mtalii, uwe mtu wangu.

Jua la huko halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai. Magharibi na Isha utazijuaje? Shekhe wa hapa amesema watu hufuata saa za mji wa karibu wenye usiku, au za Makka. Waulize Waislamu wa huko. Na usijidanganye kwamba kwa kuwa kuna mwanga saa saba ya usiku basi ni saa ya kutembea mlimani. Mwili unachoka vilevile.

Uliomba picha ya Msikiti Mkuu uwaonyeshe wenzako chuoni. Sijatuma. Kila nikienda nasema mwanga haujakaa vizuri. Kweli ni kwamba sipendi uijue Kisiwani kwa picha, nawe umezaliwa unaiona ng'ambo ya maji. Umezifikia ghala za kale za Bryggen hapo Bergen, na Songo Mnara hatukufika. Mashua nimeitia kalafati upya, nimeipaka sifa, injini nimebadilisha. Ukija kaskazi likitulia, mama yako akikubali, tutakwenda. Nimeshamwambia. Hajakubali wala hajakataa.

Pesa uliyotuma imenunua mabati, yamepungua manne upande wa jikoni. Usitume tena mwezi huu, nunua viatu vyenye soli inayoshika, hivi vya Kariakoo ni vya lami. Korosho mwaka huu zimetoa maua mengi. Shangazi yako anauliza ile dawa ya kupaka miguu kama inapatikana huko, nimemwambia una mitihani. Mdogo wako anataka mpira, usimsikilize.

Kabla hujatoka Bergen niandikie: unaanza siku gani, unalala wapi, uko na nani, unategemea kurudi lini. Ukibadilisha njia, niambie umebadilisha. Simu nitailaza karibu na mto, mama yako nimemdanganya kwamba ni kwa sababu ya kengele ya alfajiri.

Chaji simu yako usiku.

Baba yako