Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hakuna Anayeingia Majini Kufuata Ndege

Ndugu wanachama wa chama chetu cha ndege ndogo za rimoti zinazopaa na kutua majini,

Kabla ya hesabu na mipango, naanza na asubuhi moja ya mwezi Februari, kwa sababu karibu kila uamuzi ambao kamati yenu imeufanya mwaka huu umetokana na asubuhi ile. Waliokuwepo mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanapoegesha mitumbwi, wanaijua. Wasiokuwepo wamesikia vipande vipande, na vingine si vya kweli.

Ziwa lilikuwa limetulia. Mwenzetu mmoja kijana, mwenye mkono mzuri wa kurusha, alikuja na ndege yake mpya ya foamu yenye maboya mawili. Ikapaa vizuri, ikazunguka mara tatu, halafu mota ikazimika. Akaitua bila mota, kwa ustadi kabisa, kama mita 60 kutoka ufukweni. Tukampigia makofi tukidhani hatari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Asubuhi na mapema hapa Mwanza upepo bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ni mwepesi, usoni huusikii, lakini kwa ndege ya kilo moja na nusu iliyokaa juu ya maboya, mabawa na mkia ni tanga tosha. Ikaanza kuondoka taratibu. Kijana akavua viatu, akaingia. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, na ndege ikawa mbele yake kwa umbali uleule, mpaka alipofika ukingo wa mwamba chini ya maji na mguu ukakosa pa kukanyaga. Kuogelea hajui. Wavuvi wawili waliokuwa wakirudi na dagaa ndio waliomtoa. Sisi tulisimama ufukweni na rimoti mikononi, na mtumbwi wa chama ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, kasia zake ziko stoo.

Yuko salama, yuko nasi leo, na ameniruhusu nisimulie. Msimamizi wa ufukwe siku ile nilikuwa mimi. Mtumbwi kutokuwa tayari lilikuwa kosa langu, na nimeshamwomba radhi yeye na wazazi wake.

Tangu siku ile tuna sheria moja iliyo juu ya nyingine zote: hakuna mtu anayeingia majini kufuata ndege, hata maji yakiwa ya magotini, hata ndege iwe ya bei gani. Ndege ikikwama inafuatwa na mtumbwi wenye watu wawili waliovaa jaketi okozi, na wote wawili wawe wanajua kuogelea. Mtumbwi unashushwa majini kabla ndege ya kwanza haijafungwa betri. Kama hakuna mtumbwi au hakuna watu wawili, siku hiyo haturushi. Mara nne mwaka huu tumekunja vitu tukarudi nyumbani kwa sababu hiyo, na nawashukuru mlioondoka bila kunung'unika, hasa waliotoka mbali kwa daladala na ndege zao wamezipakata mapajani.

Wapo walioniuliza, maji ya magotini yana ubaya gani? Yana kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hukaa hukohuko kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi, na vimelea hupenya ngozi bila wewe kuhisi kitu. Dawa ya praziquantel ipo, lakini haikukingi ukirudi majini wiki ijayo. Viboko na mamba sina haja ya kuwaeleza watu wa huku. Sisi ni watu ambao ziwa hili limetufundisha kwa msiba. Wazee wetu hapa wanakumbuka meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na wote tunaikumbuka Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani na wavuvi wakawa wa kwanza kuifikia. Anayesema anachezea tu midoli ya kuruka avue kofia mbele ya maji haya.

Sasa niende kwenye saa za kurusha, maana hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Zamani tulikimbilia alfajiri kwa kuwa maji ni shwari. Februari imetuonyesha kwamba maji shwari ya alfajiri yana upepo unaopeleka kila kitu katikati ya ziwa. Alasiri upepo unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, na ndege iliyozimika inarudi yenyewe ufukweni, lakini mawimbi yanakuwa makubwa mno kwa maboya ya sentimita 80. Dirisha letu ni lile la katikati, upepo wa usiku unapokuwa umechoka na wa mchana ndiyo unaanza kukunja uso wa maji. Siku nyingi huwa ni baina ya saa tatu na saa tano asubuhi. Katibu anafunga utepe mwekundu kwenye mlingoti wa mwaloni. Utepe ukielekea ziwani, tunasubiri.

Mawimbi madogo madogo nayo ni rafiki. Maji yakiwa kama kioo hunata chini ya boya, ndege inakimbia mpaka betri inapata joto na haiachii. Mikunjo midogo huingiza hewa chini ya boya na kuliachisha. Wakati wa kutua, maji ya kioo yanadanganya macho: hujui uso wa ziwa uko wapi mpaka umeugonga. Marubani wa ndege za maji za kweli wana tatizo hilohilo, na hushuka polepole mno, nguvu ya mota ikiwa imewekwa kidogo, wakisubiri maji yawapokee. Nasi tufanye hivyo. Ndege iliyokatiwa mota yote ikiwa juu inainamisha pua, ncha za maboya zinachimba maji, na kinachofuata mnakijua: tumbo juu, mota chini.

Ndege zilizopinduka mwaka huu, nyingi hazikuwa na kosa la rubani. Zilikuwa na maboya yaliyofungwa vibaya. Fundi wetu alikagua zote, na ushauri wake naupitisha kwenu kama ulivyo. Boya liwe na urefu wa robo tatu ya mwili wa ndege au zaidi kidogo, na ncha yake ya mbele ipite pangaboi (propela). Kile kidato kilicho chini ya boya kikae nyuma kidogo tu ya mahali ndege inapokaa sawa ukiibeba kwa vidole viwili chini ya mabawa. Kidato kikienda nyuma sana, ndege haiinui pua. Kikija mbele, inadundadunda juu ya maji hadi inajirusha kabla ya wakati na kuanguka kwa bawa. Maboya mawili yakikaribiana mno, upepo wa ubavuni unailaza. Tena, ukimaliza kufunga, pima upya mizani, maana maboya yana uzito na hayakai mahali yalipokaa magurudumu.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayasemi, kwa kuwa walioyaandika hawaishi hapa. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Ndege inayopaa kwa mita 20 Tanga itataka zaidi hapa. Hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1915 Waingereza walipoleta ndege za maji kuitafuta meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, baadhi yake zilishindwa kunyanyuka vizuri kwa sababu ya joto, na pale ni usawa wa bahari. Kwa hiyo usiilazimishe. Kama imekimbia na haijanyanyuka, kata nguvu, irudishe, punguza uzito au badilisha pangaboi.

Mawimbi ya rimoti zetu za 2.4 GHz hayapiti majini. Ndege ikiwa angani huna shida, ikikaa majini mbali inakuwa chini sana na mawasiliano yanadhoofika. Antena za risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti kilicho ndani ya ndege, zipandishwe juu ndani ya mwili, na risiva yenyewe ifungwe kwenye puto au mfuko usioingiza maji. Tunaendelea na kipimo cha kila asubuhi: pangaboi limetolewa, unawasha mota kidogo, unazima rimoti. Mota isiposimama yenyewe, ndege hiyo hairuki siku hiyo. Ndege mbili zilikwama kwenye kipimo hiki mwaka huu na wenyewe hawakuwa na habari.

Mwezi Juni tulipata ajali ya pili. Mwanachama alifunga betri akiwa amesimama majini kwenye kina cha kifundo, ndege imemgeukia, kidole kikagusa rimoti. Vidole viwili vilishonwa hospitali. Mota ya umeme haitoi onyo. Injini ya mafuta angalau unaisikia. Sasa betri inafungwa nchi kavu, juu ya stendi, mwenye ndege akiwa nyuma ya bawa, na mtu wa pili akiishika mpaka iguse maji. Betri iliyozama haiendi nyumbani ndani ya begi. Inakaa kwenye ndoo ya bati yenye mchanga, mbali na watu, kwa kuwa inaweza kuwaka saa kadhaa baadaye.

Wavuvi. Baada ya Februari nilikwenda na Mhazini kuwashukuru, na mazungumzo yale yalituzindua. Wao walikuwa na malalamiko ya muda mrefu ambayo hawakuwahi kutuambia: ndege kupita juu ya kina mama wanaoanika dagaa, na maboya yetu kunasa kwenye nyavu. Walikuwa na haki. Pamoja na uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha ufukweni, tumekubaliana eneo letu liwe upande wa pili wa mawe, mbali na nyavu na mbali na vichanja, na kwamba mtumbwi wowote wa uvuvi ukiingia eneo lile, ndege zote zinatua au zinasubiri. Hakuna mjadala kuhusu nani alitangulia. Magugumaji yakisukumwa na upepo kujaza eneo letu, tunafunga siku.

Masharti ya kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yanabaki yaleyale kwetu, na nakumbusha kwamba uwanja wa ndege wa Mwanza uko ukingoni mwa ziwa hili hili. Ukisikia ndege ya abiria, shuka. Usisubiri kuiona.

Hesabu za fedha Mhazini atazisoma kwa kirefu. Mimi niseme tu kwamba fedha tuliyokusudia kununulia hema tumeinunulia jaketi okozi sita, kamba ya kurushia mtu majini na kasia mpya. Jua litatuchoma mwaka mwingine mmoja. Naomba mkutano huu uidhinishe badiliko hilo, maana kamati ililifanya bila kuwauliza.

Yapo mengine mawili ya mwaka ujao. Kwanza, kijana wetu wa Februari anajifunza kuogelea, na wanachama wengine saba wameandika majina kujiunga naye. Nafasi zipo. Pili, nafasi ya msimamizi wa ufukwe isiwe tena ya mwenyekiti. Anayesimamia ufukwe asishike rimoti siku hiyo, na mimi napenda mno kurusha. Napendekeza wanachama watatu wapokezane, majina yako kwa Katibu.

Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano tunakutana mwaloni saa mbili na nusu. Siku hiyo hairuki ndege. Tunapaka mtumbwi lami, tunajaribu jaketi moja moja majini, na fundi anakagua maboya ya kila mtu. Njoni na ndege zenu zikiwa na betri zilizotolewa.

Mwenyekiti