Kiyoyozi cha gari si cha kuleta baridi tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie swichi za kiyoyozi katika magari ya zamani, hasa wakati huu ambapo baridi ya Juni na Julai imeshika Arusha na manyunyu ya asubuhi hayakatiki. Anayepita alfajiri barabara ya Sakina au ya Njiro ataona madereva wengi wameshika usukani kwa mkono mmoja huku wa pili ukifuta kioo cha mbele, wengine kwa kitambaa, wengine kwa kiganja, na kabla hawajafika mbali kioo kimeshafunga ukungu tena. Dawa ya ukungu huo iko kwenye dashibodi mbele yao, lakini hawaigusi, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kitufe chenye herufi A/C ni cha joto la Moshi na Dar es Salaam.

Kitufe hicho kikibonyezwa, kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huanza kusukuma gesi, na kifaa mfano wa rejeta ndogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi hupoa sana. Hewa yote inayopulizwa na feni hupita hapo kwanza, na unyevu wake hugeuka matone kama jasho la chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, kisha hutiririka kwa mpira mwembamba hadi chini ya gari. Hayo ndiyo maji safi yanayodondoka gari likisimama, na ambayo yamewapeleka watu wengi kwa fundi bila sababu. Hewa inayobaki ni kavu, na hewa kavu ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo.

Swichi yenye rangi ya bluu na nyekundu ina kazi nyingine kabisa. Katika magari mengi ya miaka ya 1990, kama zile Corolla ambazo bado tunazo kwa wingi, swichi hiyo huvuta waya unaofungua na kufunga kijilango cha ndani, ili hewa ipite au isipite kwenye rejeta ndogo ya pili, ile ya hita, inayopokea maji ya moto kutoka kwenye injini. Kwa hiyo dereva anaweza kuwasha A/C na papo hapo akaiweka swichi kwenye nyekundu: hewa itakaushwa kwanza, ndipo ipashwe moto. Nimewasikia watu wazima wakibishana kwamba kufanya hivyo ni kuliumiza gari, ilhali mtambo ulitengenezwa ufanye hivyo hasa.

Kinacholeta matatizo zaidi, kwa maoni yangu, ni kile kishikizo kidogo chenye picha mbili za gari, moja ikiwa na mshale unaozunguka ndani na nyingine ikiwa na mshale unaoingia kutoka nje. Wengi hukiacha kwenye mshale wa ndani tangu siku waliponunua gari, kwa kuwa waliambiwa kwamba huko baridi huja haraka. Hilo ni kweli mchana wa jua kali pale Moshi, mradi ufungue vioo kwanza joto lililojikusanya litoke. Na ni kweli pia unapofuata lori linalofuka moshi kati ya Usa River na Boma Ng'ombe, au vumbi linapotimka kwenye barabara ya changarawe. Lakini asubuhi ya baridi, abiria watano wenye makoti yaliyolowa wakipumua ndani ya gari lililofungwa, mshale huo huirudisha pumzi yao ile ile na unyevu wake wote, na kioo hakitapata nafuu hata ukikifuta mpaka Tengeru. Safari ikiwa ndefu, hewa hiyo iliyochoka humletea dereva uchovu na usingizi.

Ukungu ukishika, basi, peleka hewa kwenye kioo cha mbele, weka mshale wa kuingia kutoka nje, bonyeza A/C, sogeza swichi ya joto upande wa nyekundu na ongeza feni. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hujipangia mengi ya hayo yenyewe. Ya zamani hungoja mkono wako. Tofauti ipo pale ukungu unapokaa upande wa nje wa kioo, jambo linalotokea wakati wa mvua za masika hewa ikiwa na joto na unyevu huku kiyoyozi kikipuliza baridi kwenye kioo. Hapo tumia waipa, na uelekeze hewa ya baridi kwingine.

Swichi hizo hizo humfaa pia anayepandisha mlima kwenda Marangu akiwa na mzigo, akaona mshale wa joto la injini unapanda. Azime A/C ili kuipunguzia injini kazi, aweke swichi kwenye nyekundu kabisa na feni kwenye namba ya juu, kwa kuwa hita huchukua sehemu ya joto la injini. Ndani patakuwa tanuri, lakini atapata muda wa kutafuta mahali salama pa kusimama. Kifuniko cha rejeta asikiguse mpaka injini ipoe.

Kuhusu ubovu nitasema machache. Feni ikifanya kazi kwenye namba ya juu tu, mara nyingi ni rezista yake iliyoungua, yaani kile kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole, si mota. Gesi nayo haiishi kwa kutumika kama mafuta. Ikipungua upesi ujue inavuja, na fundi anayekujazia kila baada ya miezi michache bila kutafuta tundu anakula fedha yako.

Magari haya hutufikia yakiwa na vitabu vya maelekezo vya Kijapani, na sijaona muuzaji anayemkalisha mteja dakika kumi amweleze swichi hizi. Ninaviomba vyuo vya udereva viziweke katika masomo ya kuijua dashibodi. Tena, kila inapofanyika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, magari hukaguliwa breki, taa na matairi. Ninawaomba wakaguzi wamwambie dereva awashe mtambo huu na kuonyesha kwamba hewa inafika kwenye kioo cha mbele, na ambaye kiyoyozi chake kimekufa aonyeshe angalau kwamba feni na hita vinafanya kazi.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa udereva,
Sakina, Arusha.