Hatima ya mtoto haingoji mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli tunayoisikia mara kwa mara sisi tunaohudumia watoto wenye maradhi ya moyo: "Akishawekwa kwenye mashine, huyo basi tena." Wapo pia wanaoamini kwamba mashine kubwa ikinunuliwa, hakuna mtoto atakayekufa. Kauli zote mbili zinawaumiza wazazi.

Ekmo, mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu kwa siku kadhaa, haitibu ugonjwa. Damu hutolewa kwa mrija mnene, mara nyingi shingoni, ikatiwa oksijeni nje ya mwili, kisha ikasukumwa irudi. Moyo unapata kupumzika. Lakini mtoto lazima apewe dawa ya kuzuia damu isigande mirijani, na dawa hiyo hiyo inaweza kumfanya avuje damu, hata kwenye ubongo. Ndiyo maana muuguzi habanduki kitandani usiku na mchana.

Kumbukumbu za ELSO, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ekmo kilichoanzishwa 1989, zinaonyesha kuwa takriban nusu ya watoto wanaounganishwa kwa sababu ya moyo hutoka hospitali wakiwa hai. Ila hawako sawa. Mtoto aliyekuwa mzima, virusi vikashambulia misuli ya moyo wake, ana matumaini zaidi, kwa kuwa moyo huo unaweza kurudia hali yake. Kichanga aliyezaliwa na chemba moja tu ya kusukuma damu yumo hatarini zaidi. Na anayefikishwa figo zimeshagoma, mashine inamkuta ameshaisha nguvu. Mzazi aelezwe haya kabla ya kutia sahihi, kwa lugha anayoielewa, akiwa ameketi. Asiambiwe koridoni huku daktari akitembea!

Ipo pia pampu ya Berlin Heart, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya watoto mwaka 2011. Inaweza kumshikilia mtoto kwa miezi akisubiri moyo wa kupandikizwa. Pasipo huduma ya upandikizaji, haina pa kumfikisha.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwapo tangu 2015, na watoto wanapasuliwa moyo hapa hapa nchini. Kinachonisikitisha ni wale wanaoletwa wamechelewa. Mtoto ananyonya huku paji la uso limelowa jasho, kila baada ya muda mfupi anaachia ziwa ahema, midomo inageuka bluu, na nyumbani wanasema ni kifua tu. Miezi inapita.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kila kichanga apimwe oksijeni kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini. Ni kipimo kile kile cha kubana kidole tulichokizoea wakati wa korona. Kwa kichanga kinafungwa kiganja cha kulia, kisha mguuni. Hakichomi, na kinachukua dakika chache. Marekani ilikiingiza katika orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa watoto wachanga mwaka 2011, na utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa katika majimbo yaliyokifanya cha lazima, vifo vya watoto wachanga vitokanavyo na kasoro kubwa za moyo vilipungua kwa asilimia 33.

Agizo hilo lianzie hospitali za mikoa, na kila mtoto atakayekutwa na oksijeni ndogo apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Muuguzi wa watoto,
Dar es Salaam