Nyie mnaokwepa simu za nyumbani, hii ni yenu

Wanangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nawaandikia nyie ambao simu ikiita mkaona ni mama mnailaza kifudifudi mezani, sio kwamba hamumpendi, mnaogopa lile swali la "vipi, mambo yameshatiki?" na jibu hamna. Basi unatuma meseji "niko bize ntakupigia" na hupigi, wiki inapita, mwezi unapita, huku mtandaoni unaposti picha unacheka. Mi naona ugonjwa wa sonona, huu wa moyo kuwa mzito, unapitia hapohapo. Kukosa kazi kunauma, kufeli kunauma, lakini kinachommaliza mtu ni kuigiza kwamba mambo safi, maana anabaki na mzigo ambao hakuna hata mmoja anayejua kama anao.

(Na sisi wazazi tuna letu, kila simu mtoto wa fulani kafika wapi, mtoto wa fulani kajenga. Tuache.)

Sisemi mlegee. Ila kukesha sio sifa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi Duniani (ILO) walisema anayefanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 mpaka 40. Mwaka huohuo kwenye Olimpiki kule Tokyo, Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alijitoa katikati ya fainali ya timu, dunia nzima inamtazama, akasema wazi akili haiko sawa, na watu walimsema weee! 2024 Paris akarudi akabeba dhahabu 3, lakini hata asingerudi mi ningesema alifanya sawa.

Sasa kama wiki mbili zimepita karibu kila siku moyo mzito, usingizi hamna, ulichokuwa unakipenda hukitaki tena, unajiona takataka, hiyo sio uvivu wala sio kukosa imani, nenda hospitali. Na ukianza kuwaza bora usiwepo, usisubiri hizo wiki mbili, mwambie mtu leoleo na asikuache peke yako.

Simu ikiita pokea. Sema "mama bado sijapata, na silali vizuri." Atanyamaza, pengine atalia, pengine atalaumu kidogo, mvumilie. Kama nyumbani kwenu hapasemeki basi shangazi, mjomba, rafiki, yeyote asiyekuwa na haraka ya kukupa ushauri, mmoja tu anatosha kuanzia.