Barua kwa swahiba aliyemkosa jini

Swahiba wangu Hamadi,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata na hasira zako nimezisikia. Umekaa saa moja na nusu kwenye filamu ya kutisha unamsubiri jini, jini hakutokea, na walioketi nyuma yako wakaanza kuzomea. Pole. Ila hilo la kusema filamu ni mbovu kwa kuwa imetengenezwa kwa vijisenti, hapo tutagombana.

Chukua filamu ya Paranormal Activity. Mwongozaji wake, Oren Peli, aliirekodi nyumbani kwake San Diego, Marekani, kwa dola 15,000 hivi, na ilipoenea kumbini mwaka 2009 iliingiza zaidi ya dola milioni 190. Kamera imesimamishwa chumbani, wapenzi wawili wamelala. Pembeni ya picha kuna saa, tarakimu zinakimbia mbio. Mara zinarudi kwenye mwendo wa kawaida. Bado hakuna lililotokea, lakini ukumbi mzima umeshajikunyata, maana watu wamejifunza kwamba saa ikitulia, kuna jambo. Kisha mlango unasogea kidogo. Watu wanapiga mayowe kwa sababu ya mlango, Hamadi! Waliotengeneza tangazo lake nao walikuwa wajanja: wakatuonyesha watazamaji wenyewe, gizani, wakiruka vitini.

Sifa za namna hiyo ndizo zinazoleta ugomvi. Ukimwambia mtu atakufa kwa hofu, anaingia kakunja uso, haya, nitishe basi. The Blair Witch Project ya 1999 ilivumishwa kama mkanda wa kweli wa vijana waliopotea msituni wakimsaka mchawi. Ikakusanya karibu dola milioni 250, na bado wengi walitoka wakinung'unika: mchawi mwenyewe yuko wapi? Wengine kamera ile inayoyumba iliwatia kichefuchefu tu. Mimi nasema afadhali hakuonekana. Kwa fedha walizokuwa nazo wangemvika mtu kinyago, tukacheka mpaka leo.

Asiyejua anachokwenda kuona ndiye anayepatikana. Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968, damu yake ilikuwa shira ya chokoleti. Picha haina rangi, nani angejua? Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, aliitazama kwenye ukumbi uliojaa watoto. Walianza kwa makelele ya raha. Baadaye kimya, na binti mmoja mdogo ameketi tuli, analia.

Wewe ulishasikia sifa za filamu yako kabla hujakata tiketi, na wale wazomeaji wakakumalizia utamu. Irudie usiku, peke yako, taa zimezimwa, simu iwe chumba kingine. Ukisinzia, nitakubali kwamba ni mbovu. Ila yule aliyeigiza mama, hapo tuko pamoja: hata kufa hajui kufa.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Idi