Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa umoja wa waliosoma shuleni kwetu, mwaka 2024

Ndugu wanachama, kaka na dada zangu, salamu kwenu nyote. Mahafali tulihudhuria, msibani tulifika, zawadi za waliofaulu zilitolewa, picha mlishaziona kwenye grupu so sirudii.

Nije kwenye shamba maana ndo limeleta maneno. Ni kweli wengi mlitaka geti jipya lenye majina ya waliochangia, na ni kweli laki tisa zimeenda kwenye shamba la shule, yaani majembe, mbegu, mbolea na mpira wa kumwagilia. Kuna wanaosema mwenyekiti kajiamulia. Hapana jamani. Kikao cha Agosti kilipitisha, ila walikuja watu 19 tu, na wengi wanaolalamika leo siku hiyo hawakuonekana.

Katiba yetu inasema tupo kulinda misingi ya shule, na msingi wa shule yetu ni kitabu na jembe, ndo vilivyo kwenye nembo. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na sisi tumekula ugali wa mahindi tuliyopalilia wenyewe. Hata serikali toka 2024 imeanzisha mkondo wa amali kidato cha kwanza kwenye baadhi ya shule, kazi za mikono zinarudi. Sasa mimi nimemuuliza binti wa kidato cha pili hilo jembe lililoshonwa kwenye sweta yako ni la nini, akanijibu ni pambo tu. Pambo! Iliniuma sana, na hapo ndo nikaamua kulisimamia hili shamba kwa nguvu zote, mbegu nimezifuata mwenyewe kwa nauli yangu, na leo magunia yapo stoo, watoto wa bweni wanakula.

Ada sasa. Tuko 214, waliolipa elfu ishirini ni 61, jumla 1,220,000. Toa shamba 900,000, zawadi na rambirambi 140,000, imebaki 180,000. Watu 153 hawajatoa hata mia halafu wanataka geti!

Mwakani Mungu akijalia tutaongeza bustani ya mboga, na geti tutaliangalia hali ikiruhusu. Namba ya mhazini ni ileile, naombeni mlipe kabla ya mkutano mkuu.