Vitabu vya mhunzi anayeanza

Mhariri,

Kijana aliyeuliza katika ukurasa huu anunue kitabu gani ili ajifunze uhunzi na kutengeneza deraya za maigizo, yaani mavazi ya chuma ya kujikinga vitani, naomba nimjibu. Swali hilohilo huletwa kiwandani kwangu hapa Moshi na vijana wenye video za panga kwenye simu.

Kwanza azitenganishe kazi hizo mbili. Mhunzi hupiga chuma kikiwa chekundu. Fundi wa deraya hupiga bati la chuma likiwa baridi kwa sehemu kubwa ya kazi yake: hukata kielelezo cha karatasi ya boksi, hukihamishia kwenye bati, kisha huligongea juu ya gogo lenye shimo mpaka libonyee. Kitabu kinachojigamba kufundisha vyote, na upanga juu yake, mimi hukirudisha rafuni.

Kwa uhunzi atafute Basic Blacksmithing cha David Harries na Bernhard Heer, cha mwaka 1993. Kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa mkaa na vyuma chakavu, yaani sisi. Baada ya hapo asome The Modern Blacksmith cha Alexander Weygers, cha 1974. Michoro yake aliichora mwenyewe, na anafundisha kutengeneza patasi na nyundo kutokana na vyuma vya gari bovu. Nampa sifa kwa michoro hiyo. Picha za rangi zinakuonyesha fundi na cheche zake. Mchoro unakuonyesha nyundo inaangukia wapi.

Akiwa dukani afungue sura ya koleo, lile la kushikia chuma cha moto. Kitabu kikimwambia anunue koleo badala ya kumfundisha kulifua, hicho ni cha mtu mwingine.

Vitabu vya Marekani vina mitego yake. Joto lao ni la Farenihaiti. Wakisema kisu kilichokwisha kutiwa maji, yaani kuchovywa kikiwa chekundu ili kiwe kigumu, kipashwe tena hadi 400, hiyo ni kama 204 kwa Selisiasi. Anayechukua 400 kuwa Selisiasi atapata kisu laini kisichoshika makali. Tena wanataja vyuma kwa namba ambazo muuza chuma chakavu wa soko la Memorial hapa Moshi hazijui. Hapa tunatumia springi za gari, nazo hutiwa ugumu kwa kuchovywa kwenye oili. Ukizichovya majini huweza kupasuka. Nondo inafaa kujifunzia kupinda na kuchonga ncha. Kisu cha nondo usiniletee.

Upande wa deraya kuna suala la geji, ambalo wajenga nyumba wanalijua: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kofia ya chuma hutaka geji 16, kama milimita 1.5, au nene zaidi. Bati la paa la geji 30 litakunjika kwa pigo la kwanza, na ubaya wake mkubwa ni ile zinki iliyopakwa. Ukilitia motoni linatoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua. Kitabu kisicholitaja jambo hilo asikiamini hata kwa mengine.

Kitabu cha deraya ninachokiheshimu ni Techniques of Medieval Armour Reproduction cha Brian Price, kilichotoka mwaka 2000. Kinahusu deraya za Ulaya za karne ya 14, nacho ni kinene na ghali. Asikimbilie kukinunua. Aanze na kinga ya mkono, ambayo ni bati linalokunjwa juu ya bomba na kufungwa kwa mikanda ya ngozi. Jukwaani hakuna atakayeuliza ni ya karne gani. Ikimkaa vizuri mkononi, ndipo afikirie kofia, na ndipo bei ya kitabu hicho itakapokuwa na maana.

Changu sikiazimishi. Akifika Moshi atakisomea hapahapa kiwandani, akishanawa mikono.

Fundi chuma,
Moshi